Enyi Wanyanyua Magari, Shusheni Mioyo

Ndugu zangu wenye Land Rover 109 mlizorithi kwa baba zenu, wenye Defender zilizonunuliwa mnadani mradi ulipofungwa, wenye Land Cruiser za mkonga na Hilux za miaka ya 1990, leo nasema nanyi. Nasema nanyi mnaokaa pembezoni mwa Dar es Salaam, Mabwepande na Bunju, Chamazi na Toangoma, kule ambako lami inawaaga kituoni na kilichobaki hadi nyumbani ni mchanga wakati wa jua na tope wakati wa masika. Najua kwa nini mnataka kunyanyua magari. Mtu anayelala kwa shemeji kila Aprili kwa sababu gari limekataa kupanda mlima wa kwake ana haki ya kutafuta dawa. Ninachokikataa ni dawa kugeuzwa pambo.

Tuambizane ukweli. Mkifika gereji swali lenu la kwanza ni lipi? Inchi ngapi! Hamsemi gari linapita wapi, linabeba nini, linaendeshwa na nani. Inchi nne, inchi sita, mradi jirani atazame juu. Fundi naye ana watoto wa kulisha, hatakukatalia. Anachukua springi za gari lingine alizozipata Ilala, anaongeza majani mawili, anachomelea vyuma virefu vya kushikia springi, na jioni unaondoka umekaa juu ya watu wote. Umekaa juu, lakini je, unapita?

Sikilizeni neno hili, maana wengi wametapeliwa kwa kutolijua: springi hainyanyui difu! Difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli, ndilo linalokwama kwenye tuta lililo kati ya mifereji miwili ya magurudumu. Difu limo kwenye ekseli, ekseli inabebwa na matairi. Weka springi ndefu uzitakazo. Bodi itapanda, chasisi itapanda, na difu litabaki palepale lilipokuwa jana. Kinachonyanyua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu: tairi likizidi kipenyo kwa inchi 2, difu linapanda inchi 1. Umelipia inchi sita za kutazamwa, na njia yako ya Chamazi haijakupa hata moja.

Basi anzeni na tairi. Tairi ndilo lianze, springi iwe mtumishi wake. Springi ndefu kazi yake ni kulipa nafasi tairi kubwa lisikwaruze madigadi unapokata kona au gurudumu linapozama shimoni, na ikishatosha hapo, imetosha. Mwenye gari lililovaa tairi la inchi 29 akipanda hadi 31, sentimita 4 au 5 za springi humfaa. Zaidi ya hapo ananunua matatizo.

Na ninyi wenye Land Rover na Land Cruiser za kazi, mbona mnatupa mlichopewa? Magari hayo yalitoka kiwandani na 7.50R16, tairi jembamba lenye kimo cha karibu inchi 32. Wazee walioyaleta hawakuwa wajinga. Tairi jembamba hukata tope likatafuta udongo mgumu chini; pana huelea juu ya tope na kuteleza mpaka mtaroni. Ukitaka la kisasa, 235/85R16 kimo chake ni karibu kilekile. Mikononi mwenu mna neema, nanyi mnaivua mkavaa matairi mapana kwa ajili ya picha!

Nunueni mapya mkiweza. Ikibidi mtumba, usidanganywe na kashata. Piga goti usome ubavuni: tafuta tarakimu nne zilizo mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. Ukiona 0912, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 9 ya mwaka 2012, na kashata ziwe nene namna gani, mpira umekauka. Likunje kidogo uone nyufa zikichungulia. Tena nunueni matano, si manne. Defender huendesha magurudumu yote manne wakati wote, kwa hiyo spea ya kimo tofauti italazimisha difu la kati lifanye kazi mfululizo mpaka liungue, eti kwa sababu ya pancha moja ya Kongowe.

Kuna msaada mwingine usiouzwa dukani. Ukiingia mchanga wa Kimbiji au wa vichochoro vya Mbagala, punguza upepo! Kutoka psi 35 shuka hadi 18 au hata chini kidogo, tairi linalala, mguu wake unarefuka, gari linatembea juu ya mchanga badala ya kujichimbia. Nenda polepole, usikate kona kwa ghafla, na ujaze tena kabla hujarudi lami. Pampu ndogo ya umeme wa gari inatosha. Wapo waliotumia fedha za matofali ya nyumba kunyanyua gari, kumbe walichohitaji ni kufungua valvu.

Sasa nizungumze juu ya breki, na hapa sitapunguza sauti. Tairi kubwa ni zito na lina mkono mrefu. Breki ileile inalishika kwa shida. Land Rover 109 ina ngoma magurudumu yote, na nyingi ya ngoma hizo zimekwisha. Mshale wa mwendo nao unadanganya: ukitoka tairi la 29 kwenda 31, mshale ukisoma 50, ambayo ndiyo mwisho kwenye makazi, wewe unakwenda zaidi ya 53. Halafu bodaboda anakatiza pale Mbagala Rangi Tatu, na juu ya keria umepakia saruji. Gari refu lenye mzigo juu halipendi kukwepa. Litalala ubavu, na waliomo ni mkeo, mama yako na watoto wa jirani uliowapa lifti. Mchuma janga hula na wa kwao.

Gari likishanyanyuliwa, usilichukue kabla hujafanya hili. Piga jeki kwenye chasisi, si kwenye ekseli, mpaka gurudumu lining'inie. Weka stendi, jilaze chini na tochi. Tazama mpira wa breki unaotoka kwenye chasisi kwenda gurudumuni: ukiwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo, shimo moja la kina litaukata na pedali itashuka mpaka sakafuni. Dai mpira mrefu. Tazama krosi za propela shafti, zimepinda kiasi gani? Shokapu nazo zisiwe ndizo zinazozuia ekseli isishuke. Kisha shika usukani barabarani: ukikata kona nao haurudi wenyewe, au gari linatangatanga, pembe za ekseli ya mbele zimeharibiwa na kimo, na usikubali kuambiwa utazoea.

Wengine mnaniambia, tunanyanyua kwa sababu ya mafuriko. Ndugu zangu! Hata kiwanda cha Land Rover kiliweka kikomo cha nusu mita ya maji kwa Defender ile ya zamani. Mkonga unalinda pumzi ya injini tu. Hauongezi uzito wa gari. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 60 huchukua magari mengi, na tairi kubwa lililojaa upepo ni boya. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wasiopungua 40 katika jiji hili, na waliotolewa Bonde la Msimbazi ndio waliohamishiwa Mabwepande. Waulizeni hao kama maji yanaogopa springi. Mto Mpiji ukijaa, Mzinga ukijaa, Jangwani ikifungwa, geuza gari urudi.

Na jirani yako je? Ukinyanyua pua ya gari, taa nazo zinanyanyuka na kumpiga machoni anayekuja mbele. Zipangwe upya siku hiyohiyo, mbele ya ukuta, kabla ya usiku wa kwanza. Bampa lako sasa liko usawa wa kioo cha yule mwenye IST. Bibi anayepelekwa zahanati anapanda kwa kusukumwa, huku ameshika khanga kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine. Mwekee ngazi! Kama gari lako limekuwa refu kiasi kwamba mama mzazi halipandi, umelinunulia nani?

Masika huanza Machi. Kabla hayajafika, peleka gari kwa fundi ukiwa na mpangilio huu mdomoni, usimwachie yeye aupange: bushi na breki kwanza, matairi matano, kisha springi kwa kadiri ya tairi, mwisho alaimenti na taa. Fedha zikiishia kwenye matairi, ishia hapo. Gari lako litapita.