Redio ya Motokaa na Mema Yasiyochaguliwa

Motokaa iliyokwisha kutumika Japani hufika Dar es Salaam au Mombasa na redio yake kifuani. Redio hiyo ni nzima, lakini ni kama mgeni asiyejua lugha ya mji. Kule ilikotoka, mawimbi ya FM kwa miaka mingi yalianzia megahezi 76 yakakomea 90. Afrika ya Mashariki vituo vimetandazwa kutoka 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo mwenye gari husikia vituo vichache vya mwanzo wa safu, na vingine vyote humpita kimya. Wako wanaotia kifaa kidogo kwenye waya wa antena kiyateremshe mawimbi. Wengine hung'oa redio ya asili wakaweka nyingine.

Fundi hukata waya akaunganisha rangi kwa rangi. Hapo kosa dogo lina gharama: redio ikipewa umeme wa daima mahali palipostahili umeme unaokatika ufunguo ukizimwa, huinyonya betri usiku kucha, na asubuhi gari haliwaki. Tena nafasi ya redio katika gari nyingi za Toyota ina upana wa milimita 200, na redio za kawaida zina 180. Mwanya unaobaki huzibwa kwa plastiki, ambayo jicho la mwenye gari haliizoei upesi.

Hayo ni mepesi. Lililo zito huja baadaye. Katika miezi ya redio bubu, baba aliyempeleka mwanawe shule alizungumza naye kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufanya. Mtoto aliuliza maswali ambayo nyumbani hayakupata nafasi. Redio mpya ilipotiwa, habari, muziki na matangazo vikajaa garini, na maswali yakakoma pasipo ugomvi wala mtu kukusudia. Je, baba huyo amevunja wajibu, au amepoteza bahati tu?

Yamkini atatokea wa kusema kuwa mema yaliyoletwa na upungufu si mema ya mtu, maana hakuyachagua. Mfungwa hasifiwi kwa kutotanga usiku. Hoja hii ina nguvu, na wanaopenda kusifu ufukara wa wengine ingewafaa kuikumbuka. Wala redio si adui: huleta habari za mafuriko njiani, na humliwaza msafiri aliye peke yake. Lakini hoja hiyo huhukumu chanzo cha jambo, haihukumu jambo lenyewe. Mvua isiyoombwa huotesha mbegu sawasawa na iliyoombwa. Mazungumzo yale yalikuwa bahati siku ya kwanza. Tangu baba alipoitambua thamani yake, yakawa deni. Kulilipa si kwepesi, kwa sababu zamani ukimya ulijileta wenyewe. Sasa hauna budi kuombwa, na mwenye kuuhitaji zaidi ameketi kiti cha nyuma, ambako mkono wake haukifikii kitufe.