Kumwambia Maskini Kwamba Yeye Ni Tajiri

Soma kwa ajili ya somo hili: Ufunuo 2:8–11, Ufunuo 3:17, Ufunuo 18:11–19, Amosi 8:4–6, Yakobo 2:15, 16.

Darasa letu la Shule ya Sabato hukutana nje, chini ya mwembe, kwa kuwa ndani ya kanisa sauti za madarasa hugongana. Sabato ile tulikuwa tumefika kwenye barua ya kanisa la Smirna. Ni barua fupi, aya nne tu, na haina karipio hata moja, kwa hiyo viongozi wa madarasa huipenda. Nilipofika aya ya tisa nilifanya ambalo wengi wetu hulifanya. Nilisoma kwa sauti, nikatulia kidogo, nikasema, “Mnaona, ndugu zangu? Watu hawa walikuwa maskini wa mfukoni, lakini matajiri rohoni.” Darasa likaitika, “Amina!”

Ndugu mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. Yeye ni kibarua wa kupakua mizigo, na wote tulijua habari zake. Jumamosi mbili alikuwa ameitwa kazini na hakwenda. Tangu hapo, kila alipofika langoni alfajiri na baiskeli yake, msimamizi alichagua wengine.

“Kiongozi, naomba kuuliza,” alisema. “Huo utajiri, wenyewe walikuwa wanauona? Au walikuwa wanaambiwa tu?”

Wawili watatu wakacheka. Nikamjibu kwamba utajiri wa imani hauonekani kwa macho, nikakimbilia aya ya kumi, maana kengele ilikuwa karibu kulia.

Sabato iliyofuata hakuja.

Nimelifikiri swali lake muda mrefu, nami naona halikuwa swali la mtu aliyepoa. Lilikuwa swali la msomaji makini kuliko mimi. Maana jambo lililo katika aya hiyo ni zito kimaadili: mtu anamtazama mwenzake asiye na kitu, anamwambia kwamba anacho. Neno hilo laweza kuwa faraja kuu kuliko zote. Laweza pia kuwa tusi. Je, ni nini kinachotenganisha faraja hiyo na tusi?

Tuanze na mji wenyewe. Smirna ndiyo İzmir ya leo, katika pwani ya magharibi ya Uturuki, mji wa tatu kwa ukubwa katika nchi hiyo na bandari hata sasa. Yapata mwaka 600 K.K. mfalme wa Lidia aliuvunja, na kwa karne kadhaa ukawa vijiji tu, hata ukajengwa upya baada ya siku za Aleksanda. Yaani ni mji uliokufa ukaishi tena. Wakristo wa pale walipopokea barua kutoka kwa Yeye aliyekufa kisha akawa hai (Ufunuo 2:8), hawakuhitaji kufafanuliwa sana.

Mji ulioishi tena ukatajirika. Ulikuwa na ghuba tulivu na njia za biashara kutoka bara, na ulijiita wa kwanza katika Asia. Majigambo hayo uliyachonga hata kwenye sarafu zake. Ulijua pia kumpendeza mkubwa. Mwaka 26 B.K. miji kumi na mmoja ya Asia iligombania heshima ya kumjengea kaisari Tiberio hekalu, na Smirna ukashinda. Hapo ndipo twaweza kuelewa umaskini wa kanisa lile. Katika mji ambao biashara, vyama vya mafundi na ibada ya kaisari vilifumwa pamoja kama ukili, mtu aliyekataa kufukiza ubani hakupoteza ibada tu. Alipoteza wateja, na huenda jirani pia. Walikuwa maskini katikati ya mali, na meli walikuwa wakiziona.

Mmoja wa viongozi wa kanisa hilo, Polikarpo, aliuawa katika karne ya pili akiwa mzee sana. Simulizi ya kale ya kifo chake yasema iliangukia Sabato kuu, na kwamba watu wa mji walikimbilia kukusanya kuni wao wenyewe kutoka karakana na mabafu. Hilo la kuni hunisumbua kuliko moto. Hawakuwa askari. Walikuwa majirani.

Sasa tuutazame mji wetu. Sisi wa Tanga hatuna haja ya kwenda mbali kuona bandari inayokufa na kufufuka. Mwaka 1893 mambo mawili yalianza hapa. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara, ambayo ilifika Moshi mwaka 1911. Na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida; iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka miche hiyo 62 yalitoka mashamba yote tunayoyapita kwenye basi kuelekea Muheza na Korogwe. Katika miaka ya kwanza ya 1960 nchi yetu iliongoza duniani kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilipita katika bandari hii. Kisha nyuzi za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa mwaka 1967, na mzee yeyote wa Ngamiani atakusimulia yaliyofuata. Viwanda vingi vya mji navyo vikafunga milango baadaye. Watu wakaanza kuusema mji kwa huruma, kama mtu anavyomsema shangazi aliyewahi kuwa mrembo.

Lakini ni nani aliyekuwa tajiri siku zile za utajiri? Wakataji wa mkonge waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba. Walitoka mbali, kutoka bara na hata ng’ambo ya mipaka. Walipewa kipande, kadi ya siku thelathini za kazi, na mshahara haukutoka mpaka siku hizo zitimie. Mtu alipougua kadi ilisimama. Wenye mashamba waliwasifu wafanyakazi wao kwa nguvu zao. Hiyo ilikuwa sifa ya kweli, lakini iliingia katika hesabu ya msifu.

Kata tunamokutana inaitwa Nguvumali. Maneno hayo mawili yanasimama bega kwa bega, na kila mtu huyasoma kwa namna yake. Kijana husikia ahadi: tumia nguvu, upate mali. Kibarua aliye langoni saa kumi na moja alfajiri aweza kusikia jambo jingine, kwamba nguvu zake ni mali, ila si mali yake.

Soma Ufunuo 18:11–13. Yohana anaandika orodha ya shehena ya Babeli, nayo inasomeka kama karatasi ya karani wa bandari: dhahabu, kitani, mbao, viungo, divai, unga, ng’ombe, kondoo. Je, ni kitu gani kinachomalizia orodha hiyo? Kwa nini kimewekwa mwisho, baada ya mifugo?

Basi turudi kwenye swali. Mwenye shamba akimwambia manamba, “Wewe ni tajiri wa nguvu,” anasema neno linalofanana sana na lile la Ufunuo 2:9. Nami niliposema vile chini ya mwembe, nikiwa na mshahara wa mwezi na nyumba isiyo ya kupanga, nilikuwa nasema kama nani?

Wako watakaojibu kwamba neno ni kweli hata likisemwa na mtu asiyefaa. Wana haki kwa kiasi. Mbili na mbili ni nne hata mwongo akisema. Lakini kumwambia mtu kwamba yeye ni tajiri si hesabu ya namna hiyo. Ni kama kumwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake si wa kufa: akisema daktari aliyempima, ni habari njema, akisema mpita njia anayetaka aondoke barazani pake, maneno ni yaleyale lakini amefukuzwa. Yakobo anamwelewa vizuri mpita njia huyo. Katika Yakobo 2:16 maneno ya yule anayemwaga ndugu aliye uchi na mwenye njaa ni maneno mazuri kabisa, ya amani. Kosa haliko katika maneno.

Wengine watasema: kama ni hivyo tuliache neno hilo, tuhubiri haki na mishahara tu. Hapa pia siwezi kufuata. Tukisema utajiri ni ule unaohesabika gatini peke yake, tumekubaliana na Smirna yenye hekalu la kaisari, na tumewapa haki wale waliokusanya kuni. Yule ndugu yetu alikataa zamu mbili za Jumamosi. Hakuwa mjinga wa kujumlisha. Alijua kiasi alichopoteza mpaka shilingi ya mwisho. Kwa hiyo kuna kitu alichokiona kuwa na thamani kuliko zamu. Anayesema hana kitu anamdharau kama vile anayesema hana shida.

Tena tusichanganye umaskini na umaskini. Mmoja huja kwa sababu mtu amekataa kuinama. Mwingine huja kwa sababu mizani ni ya uongo. Amosi aliwaona wafanyabiashara waliokuwa wakiitazama Sabato kwa jicho la saa, wakiuliza itakwisha lini wauze nafaka, huku kipimo wamekipunguza (Amosi 8:5). Umaskini ulioletwa na watu hao nabii hauiti utajiri hata mara moja. Anauita jambo ambalo Bwana hatalisahau. Kiongozi wa darasa anayemfariji mnyonge wa Amosi kwa maneno ya Smirna anamsaidia mwenye mizani.

Je, wewe umewahi kufarijiwa kwa neno la kweli lililokuumiza? Alilisema nani, na yeye alikuwa wapi wakati wa shida yako?

Siku ya Jumatatu jioni nilikwenda kumwona, mimi na mzee mmoja wa kanisa. Anapanga chumba kimoja, si mbali na kanisa. Mkewe alitukaribisha, akaomba radhi kwa kukosa sukari, tukanywa chai ya mchaichai bila sukari, na ilikuwa nzuri. Nilijua nimekuja kuomba msamaha lakini nilizunguka kwanza, nikauliza habari za watoto, za mvua, za bandari. Bandari ina kazi, akasema. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa kwa matishari. Sasa kina kimechimbwa na zinafunga gatini penyewe. Kazi iko. Ila meli haiulizi leo ni siku gani.

Kisha nikamwambia, “Ndugu yangu, Sabato ile nilikujibu vibaya.”

Akanyamaza. Halafu akasema, “Kiongozi, jibu halikuniuma. Iliniuma ile amina. Ilikuja upesi mno.”

Akaomba lesoni yangu, kwa kuwa yake aliiacha kanisani, na Biblia. Akafungua Ufunuo, akasoma kimya, kidole kikifuata mstari. “Tazama hapa,” akasema. “Kabla hajasema utajiri, amesema anajua. Anaijua dhiki, anaujua umaskini. Nyie mlianzia mwisho.”

Yule mzee wa kanisa akauliza kwa upole, “Sasa ukisoma kwamba anajua, unaona utajiri huo?”

“Siku nyingine naona, mzee. Jumamosi asubuhi naona. Jumatano watoto wakiniangalia, sioni.” Akafunga Biblia. “Lakini yeye alikufa. Aliyekufa akiniambia, nanyamaza. Ninyi bado.”

Hatukuwa na la kuongeza. Tuliomba, na katika maombi mzee hakutaja neno utajiri. Alitaja kodi ya mwezi na sare za shule. Njiani alisema tu kwamba darasa la watu ishirini na wawili lisilojua ni nani kati yao hajala si darasa la kusoma barua ya Smirna.

Sabato iliyofuata nililieleza darasa kosa langu, bila kulitaja jina la mtu. Dada mmoja mwenye genge soko la Mgandini alisema anahitaji mtu wa kubeba magunia siku tatu kwa juma. Malipo si kama ya bandarini, akasema wazi, ni pungufu sana. Ndugu yetu alikubali. Siku zilizobaki bado anapanda baiskeli kwenda langoni, na mara nyingine anachaguliwa. Chini ya mwembe ameketi tena nyuma palepale. Tumekwisha kupita Smirna, tukapita Pergamo na Thiatira, na juma lile tulipofika Laodikia, kwa watu waliodhani wao ni matajiri (Ufunuo 3:17), niliwaomba wasome kimya kwanza. Hakuna aliyeitika amina. Yeye alinitazama, akainamisha kichwa akaendelea kusoma.