Huwezi Kutoa Usichonacho

Soma kwa ajili ya somo hili: Mithali 22:29; Danieli 1:17–20; Mathayo 25:14–30; Matendo 7:22; Wafilipi 2:5–8; Waebrania 11:24–26.

Kijana Mkristo anayemaliza sekondari husikia sauti mbili. Moja humwambia asome sana, awe mtu mkubwa, aitoe familia yake katika umaskini. Nyingine humwambia ajinyenyekeze, amtumikie Mungu, asitafute makuu. Je, aliyeitwa kutumika hapaswi kulenga juu katika masomo yake?

Kwa vijana weusi wa Marekani swali hili limekuwa zito kwa namna ya pekee. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, baadhi ya waliowafungulia shule waliamini kwamba mafunzo ya kazi za mikono yaliwatosha. Oakwood, shule ya Waadventista Wasabato huko Huntsville, Alabama, ilifunguliwa mwaka 1896 ikiwa shule ya kilimo na ufundi. Kazi hizo zina heshima. Mwokozi mwenyewe alikuwa seremala. Lakini kazi ya heshima ikifanywa kuwa mpaka ambao watu wa rangi fulani hawaruhusiwi kuuvuka, huo si unyenyekevu tena. Mwaka 1931 wanafunzi wa Oakwood waligoma, wakidai masomo bora na viongozi weusi. Mwaka uliofuata J. L. Moran akawa mkuu wa kwanza mweusi wa chuo hicho.

Fikiria maisha ya Eva B. Dykes, aliyezaliwa Washington mwaka 1893. Alihitimu kwa heshima katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1914. Alipokwenda Radcliffe, shahada yake haikukubaliwa, akalazimika kusoma shahada ya kwanza kwa mara ya pili. Hakukata tamaa. Mwaka 1921 akawa mwanamke mweusi wa kwanza nchini Marekani kukamilisha masharti yote ya shahada ya udaktari wa falsafa. Wakati huo alikuwa amekwisha kujiunga na Kanisa la Waadventista Wasabato. Alifundisha Howard tangu 1929. Kisha, mwaka 1944, aliacha nafasi yake katika chuo hicho mashuhuri akaenda Oakwood, chuo kidogo kilichokuwa bado hakijapata ithibati. Aliongoza maandalizi ya kuitafuta, nayo ikapatikana mwaka 1958.

Tazama mpangilio wa mambo hayo. Kama Dykes angekubali kuishia pale wengine walipomwekea kikomo, angefika Oakwood na moyo mwema lakini bila kile ambacho chuo kilihitaji. Na kama angeona elimu yake kuwa mali yake peke yake, asingefika kabisa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Maandiko yana mpangilio huo huo. Stefano anakumbusha kwamba Musa alifundishwa hekima yote ya Misri. Mwandishi wa Waebrania anaonyesha kwamba baadaye aliukataa utukufu wa Misri ili ateswe pamoja na watu wa Mungu. Kristo naye alijishusha kutoka katika utukufu uliokuwa wake kweli. Mtu hawezi kuweka chini kitu ambacho hakuwahi kukishika. Kujinyima ni tendo la hiari. Kunyimwa ni jambo lingine, na si haki kulitumia jina la la kwanza ili kulifunika la pili.

Hata hivyo, si kila mtu ameitwa kupata shahada ya udaktari. Katika mfano wa talanta, aliyepewa mbili alisifiwa sawasawa na aliyepewa tano. Aliyelaumiwa ni yule aliyeifukia yake ardhini. Mtumwa huyo alikuwa na maelezo mazuri ya kwa nini aliogopa, na leo pia hofu huweza kuvaa vazi la unyenyekevu. Fundi umeme anayejua kazi yake vizuri na kuifanya kwa uaminifu ameitumia talanta yake kuliko msomi anayeficha ujuzi wake.

Kwa hiyo kijana anayepanga maisha yake ajiulize mambo mawili mbele za Mungu. Kwanza: kikomo ninachokiona mbele yangu kimewekwa na Mungu, au na watu, au na woga wangu? Pili: nikikipata ninachokitafuta, ni nani mwingine atakayeshiba? Swali la kwanza humkinga asijidharau, la pili humkinga asijiabudu. Akiyajibu yote mawili kwa unyofu, zile sauti mbili hazitapingana tena.

Maswali ya kujadili:

1. Tunawezaje kutambua tofauti kati ya unyenyekevu na woga katika uchaguzi wa masomo au kazi?

2. Je, katika kanisa lako kuna vijana wanaoambiwa, kwa maneno au kwa ukimya, kwamba masomo fulani si ya watu kama wao? Darasa lako linaweza kufanya nini juma hili?