Tusivunje kwa Nguvu Ukuta wa Ndugu Yetu

Masomo: Mwanzo 42:7-24; 43:30-31; 45:1-5



Katika jamaa zetu kuna watu ambao tunawaita wagumu. Baba akisikia jina la mtoto wake aliyeuawa katika vita ya 1998, anakasirika na kutoka inje. Mama anacheka kila mara mazungumzo yanapokaribia machozi. Kijana anasema hana shida, lakini usiku halali. Mara nyingi sisi wahubiri tulisema: huyu ana kiburi, yule anadanganya, sherti aungame mbele ya kanisa. Leo tunakiri kwamba tulikosa.

Tumtazame Yosefu. Ndugu zake walimtupa shimoni, kisha akauzwa. Huko Misri alimwita mzaliwa wake wa kwanza Manase, kwa maana alisema Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba ya baba yake. Kumbe hakusahau! Ndugu zake walipokuja kutafuta chakula, alisema nao kwa ukali, akatumia mkalimani kama mtu asiyejua lugha ya kwao. Akajitenga, akalia. Mara nyingine akaingia chumbani kulia, akanawa uso, akarudi mezani kama mtu asiye na neno. Ukali ule ulikuwa ukuta. Nyuma ya ukuta kulikuwa kijana wa miaka 17 ambaye alikuwa angali analia shimoni.

Ukuta huo, watu wa saikolojia wanaujua. Mwaka 1936 Anna Freud, binti ya mganga Sigmund Freud wa Vienna, alitoa kitabu juu ya namna moyo unavyojikinga na maumivu: mtu anakana, anasahau, ao anaweka kwa mwingine yale asiyoweza kuyaona ndani yake. Na mara nyingi yeye mwenyewe hajui kwamba anajikinga. Ndiyo maana msaidizi mwenye hekima hakimbilii kubomoa. Kwanza anampa mgonjwa usalama.

Sisi Wakongo tunajua thamani ya mafichoni. Papa Simon Kimbangu alipofungwa mwaka 1921, wafuasi wake waliomba kwa siri miaka mingi, mpaka serikali ilipowakubali mwezi wa 12 mwaka 1959. Nani atawaita waoga? Kule kujificha kulilinda moto usizimwe. Wao walijua kwamba wanajificha. Mwenye jeraha la moyo hajui. Basi huyu anastahili huruma zaidi.

Nani alifungua moyo wa Yosefu? Si mtu aliyemkaripia. Yuda alikaribia, akaeleza huzuni ya baba yao mzee, akajitoa awe mtumwa kwa nafasi ya Benyamini. Hapo Yosefu hakuweza kujizuia tena. Na tuangalie jambo hili: aliwatoa kwanza wageni wote inje, ndipo akalia na kujijulisha.

Kwa hiyo, ninyi wenye kipawa cha kuona, msitoboe siri ya mtu mbele ya umati. Mungu akiwaonyesha jeraha, amewaita kuliuguza, si kulianika. Ninyi wake na waume, mwenzenu akinyamaza, kaeni karibu naye. Msimwambie kila siku kwamba anajificha. Ninyi wazazi, mtoto akikana jambo kwa kuogopa fimbo, wekeni fimbo chini kwanza.

Lakini huruma si kuacha ubaya uendelee. Anayepiga mke na watoto sherti azuiwe, hata kama anapiga kwa sababu ya maumivu ya zamani. Tunaheshimu ukuta wake, lakini hatumwachii mkono wake.

Na tujichunguze sisi wenyewe. Kuwahukumu wagumu kwa haraka, pengine huo ndio ukuta wetu, tusione machozi yetu.

Ee Bwana, wewe unayejua vyumba vyote vya moyo, utufundishe kubisha mlango kwa upole na kungoja. Amina.