Je, Taabu Ndiyo Humkomaza Mtu? Fundisho la Mitende ya Nchi za Baridi

Liko neno ambalo husemwa sana na wazee, na walimu, na hata viongozi wa dini, wanapomwona kijana anateseka: "Mwacheni, atakomaa." Neno hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu ni gumu kulijibu. Lau lingekuwa uwongo mtupu lingekwisha kataliwa zamani. Katika makala haya twataka kulipima, wala si kwa hoja tupu, bali kwa jambo linaloweza kuonekana kwa macho na kuhesabiwa kwa miaka, yaani kazi ya kuotesha kwa mbegu miti ya jamii ya mitende katika nchi zenye theluji.

Msomaji wa pwani huenda akashangaa kusikia kwamba kazi hiyo yawezekana. Lugha yetu haina hata jina moja la kuikusanya jamii hii yote. Kila mti umepewa jina lake: mnazi, mtende, mkindu, mvumo, mkoche, mchikichi. Na yote hiyo tumezoea kuiona penye joto. Upande mnazi katika nyanda za juu za Njombe, ambako mwezi wa Juni na Julai sakitu huanguka usiku na umande ukaganda juu ya majani, nawe utakuwa umepoteza nazi yako bure. Lakini Mwenyezi Mungu ameumba katika jamii hiyo hiyo miti michache inayostahimili baridi kali. Mashuhuri kupita yote ni ule ambao wataalamu huuita Trachycarpus fortunei, na asili yake ni China. Wakulima wa huko tangu kale wametumia nyuzi za shina lake kusokota kamba, kufunga mifagio na kutengeneza majoho ya kujikinga na mvua. Mwaka 1830 mbegu zake zilifika Ulaya kutoka Japani kwa mkono wa Philipp Franz von Siebold, tabibu wa Kijerumani aliyekuwa akiwatumikia Waholanzi. Baadaye Robert Fortune, Mskochi aliyetumwa kukusanya mimea, aliuona katika kisiwa cha Chusan, ambacho siku hizi huandikwa Zhoushan, na mwaka 1849 akapeleka miche Uingereza, katika bustani za Kew. Kwa ajili ya kisiwa hicho tuuite hapa mti wa Chusan.

Mti huu ukiisha kuwa mkubwa huweza kuvumilia baridi ya nyuzi 15 hivi chini ya sifuri. Ndugu yake mmoja wa kusini-mashariki mwa Marekani, Rhapidophyllum hystrix, ambao ni mfupi na mwenye miiba mirefu kama sindano, huvumilia hata zaidi. Watu husimama mbele ya mti wa Chusan uliofunikwa theluji, majani yake yakiwa bado ya kijani, nao husema: tazameni jinsi baridi ilivyoukomaza mti huu.

Hebu tuulize kama ndivyo.

Mwenye kutaka kuotesha mti wa Chusan huanza kwa kuchuma matunda yake madogo yenye rangi ya buluu iliyokolea, yaliyofanana na figo. Lazima apate mti jike ulio karibu na dume, kwa maana miti hii ina dume na jike kama mtende. Huondoa nyama ya tunda, huloweka mbegu siku chache huku akibadilisha maji, kisha huzipanda katika mchanga wenye unyevu, mahali penye joto la nyuzi 20 au zaidi kidogo. Angalieni jambo hili: mbegu ya mti usifiwao kwa kustahimili baridi huoteshwa kwa joto. Baada ya mwezi mmoja hata mitatu ncha hutokeza. Zile za mti wa Marekani huweza kukaa udongoni mwaka mzima au kupita, na wengi huzitupa kwa kudhani zimekufa.

Katika kuota kwenyewe mna jambo ambalo msomaji aweza kulijaribu nyumbani kwa kokwa ya tende. Kokwa hiyo haichipui kwenda juu. Kwanza hutoa kikonyo cheupe kinachoshuka chini ardhini, na ndani yake kimebebwa kijimche chenyewe. Huko chini ndiko mzizi unakoanzia, na jani la kwanza huinuka kutoka huko, mbali kidogo na pale kokwa ilipowekwa. Kwa majuma kadhaa aliyepanda haoni kitu juu ya udongo.

Jani la kwanza la mti wa Chusan ni jembamba kama la nyasi. Asiyejua atalingoa akidhani ni gugu. Majani ya pili na ya tatu ni vivyo hivyo. Hupita miaka miwili au mitatu kabla ya kuonekana jani lililochanika kama la mvumo, na miaka mingine zaidi kabla shina halijaanza kuinuka. Hata hapo, katika nchi za baridi, mti ukiongezeka shubiri moja au mbili kwa mwaka mwenyewe hufurahi.

Na sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Mche huu mchanga, mtoto wa mti uvumiliao nyuzi 15 chini ya sifuri, huweza kufa kwa baridi ya nyuzi chache tu, hasa mizizi yake ikiwa imo katika chungu ambacho huganda upesi kuliko ardhi. Sababu yake yaeleweka. Kwa kawaida shina la mti wa jamii hii lina kilele kimoja tu cha kukulia, ule moyo mweupe uliofichwa katikati ya makuti. Mkulima wa minazi anajua kwamba mdudu chonga akila hapo, shina zima limekwisha. Haliwezi kutoa tawi badala yake kama mwembe uliokatwa. Katika mti mkubwa wa Chusan moyo huo umezungukwa na tabaka juu ya tabaka za makuti ya zamani na zile nyuzi nene, tena umeinuka juu ya ardhi ambako hewa ya baridi hutulia usiku. Katika mche, moyo huo upo karibu na udongo, umevikwa majani mawili au matatu membamba.

Basi, ustahimilivu wa mti mkubwa ulitoka wapi? Ulitoka katika asili yake aliyoipewa na Muumba, na katika miaka ya kula, kunywa na kujivika. Sakitu haikuupa hata uzi mmoja wa vazi lile. Kila uzi uliotengenezwa ulitengenezwa katika majira ya joto.

Hapa mpinzani wetu ana haki ya kujibu, nasi hatupendi kumziba kinywa. Atasema kwamba baridi inayokuja polepole, usiku mmoja baada ya mwingine, huufanya mmea ujitayarishe. Na hilo ni kweli. Mmea uliopitia majira ya kupukutika majani kwa taratibu huikabili baridi ya Januari vizuri kuliko ule uliotolewa ghafula ndani ya nyumba. Kwa hiyo wakulima wenye busara hutoa miche nje mchana, huirudisha usiku, huiweka kwanza kivulini, huongeza saa kidogo kidogo. Lakini yafaa tuone ni nani afanyaye kazi hapo. Ni mtu aliyeamka kuitazama anga, akabeba chungu mikononi mwake. Yule asemaye "mwacheni" hakubeba kitu.

Atasema tena, na hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza: mbona wakulima hutafuta mbegu za miti iliyopona katika baridi kali mno? Je, hiyo si dalili kwamba shida huzaa nguvu? Ndugu msomaji, hapa yatupasa kuwa waangalifu sana. Baridi ilipopita katika shamba la miche 100 ikaacha 3, haikuwapa wale 3 nguvu. Iliwaua wale 97, na nguvu ya wale 3 ikaonekana. Mkulima ana ruhusa ya kufanya hivyo. Mbegu ni nyingi, na miche iliyokufa hutupwa katika shimo la mbolea bila matanga. Lakini mzazi hakupewa watoto 100 ili abaki na 3. Mwalimu hakukabidhiwa darasa ili achague watakaopona. Wale wasimuliao jinsi walivyopigwa na kulala na njaa, kisha wakawa watu wakubwa, ndio waliopona. Walioshindwa hawapo kusimulia, na hakuna awaulizaye. Tunapomsikiliza mmoja wao akisema, "Mimi nilipitia hayo, na niko hivi leo," twasikia ushahidi wa upande mmoja tu wa shamba.

Wengine hutoa hoja ya mwituni: huko hakuna mtu wa kubeba vyungu, na miti huota. Katika jimbo la Ticino, kusini mwa Uswisi, mti wa Chusan umetoka mabustanini ukaingia msituni. Ndege hula matunda na kusambaza mbegu, na miche imekuwa mingi mno hata serikali ya Uswisi imepiga marufuku kuuza miti hiyo tangu Septemba 2024. (Kwa hiyo si kila ugeni unaostawi unakaribishwa, lakini hilo ni somo la siku nyingine.) Je, miche hiyo haikulelewa na mtu yeyote? Nendeni mtazame inapoota. Inaota chini ya miti mirefu, penye majani makavu yaliyofunika udongo, ambapo matawi ya juu huzuia baridi ya anga na upepo hauingii kwa nguvu. Na ule wa Marekani, mgumu kuliko yote, nao maskani yake ni vivuli vya misitu na mabonde yenye unyevu. Kile tulichodhani ni kuachwa, kumbe kilikuwa na malezi ya wakubwa waliosimama juu.

Tukirudi kwa wanadamu, mifano haiko mbali. Msichana wa miaka 13 hutolewa kijijini akapelekwa mjini kufanya kazi katika nyumba ya watu, na jamaa husema atajifunza maisha. Mwanafunzi mgeni bwenini hunyang'anywa blanketi na wakubwa, na msimamizi hufumba macho kwa kuwa yeye naye alinyang'anywa. Na yuko mtu aliyeanza jana tu kuitafuta haki. Ameuliza maswali yake, amekubali alichokiona kuwa kweli, na kwa ajili hiyo baba yake amemfungia mlango, rafiki zake wamemcheka, labda na kazi imempotea. Anakuja kwa wale aliowadhania kuwa ndugu zake. Nao humpa mkono, humwambia kwamba Mwenyezi Mungu huwajaribu waja wake, kisha humwacha arudi peke yake alikotoka. Ni kweli kwamba Mungu hujaribu. Lakini tumefundishwa pia kwamba Yeye hautwiki mzigo moyo wa mtu bila kuujua uwezo wake. Nasi tusioujua uwezo wa mtu huyo, ni nani aliyetupa kazi ya kumjaribu, au ruhusa ya kuhesabu mtihani wake kuwa udhuru wetu wa kutompa chakula na mahali pa kulala?

Wahenga wamesema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi methali hii hutajwa kana kwamba ulimwengu ni mwalimu mwema ambaye mama angemwachia kazi. Mimi naisikia kama onyo kwa mama.

Hata hivyo, haifai mtu kutoka hapa akadhani kwamba twasifu malezi ya kufungia ndani. Mti wa Chusan uliowekwa miaka mingi katika chungu kidogo mizizi yake huzunguka na kujisokota, na majani yake yaliyozoea kivuli cha nyumba huungua kwa jua la siku moja. Wako pia waufunikao mti nje kwa nguo na majani makavu tangu mwanzo wa baridi hata mwisho, wasiufungue hata siku za joto. Unyevu hukaa ndani, na moyo huoza chini ya kifuniko kile kile kilichowekwa kwa mapenzi. Tumeona wazazi wa namna hiyo pia, wala watoto wao hawakuwa na hali njema.

Lililo gumu zaidi ni kwamba dhara la baridi halionekani siku ile ile. Mche uliopigwa na sakitu mwezi wa Januari huweza kukaa wa kijani majuma mengi. Wapita njia huusifu, na mwenyewe hujipongeza kwamba umekomaa. Kisha katika majira ya kuchipua, mwezi wa Machi au Aprili, mkulima aliyezoea huinama, akashika kwa vidole viwili lile jani changa la katikati ambalo bado limejikunja kama mkuki, akalivuta polepole. Likishikamana, hushukuru. Likitoka lote mkononi, na chini yake limekuwa laini na kunuka, hujua kwamba moyo ulioza tangu ule usiku wa Januari ambao yeye alilala.

Kwa sababu hiyo wako wakulima ambao, hata mti wao ukiisha kupita kimo cha mtu na kuzaa mbegu zake wenyewe, bado huweka gunia na kamba nyuma ya mlango, na usiku ambao anga ni jeupe na upepo umetulia, hutoka na taa kwenda kuutazama.