Amana ya Mwalimu

Katika amana zote ambazo mwanadamu huweza kukabidhiwa na mwenzake, iwe ni fedha, shamba, siri au jahazi, sijaona iliyo ngumu kuihifadhi kama imani ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Kwa sababu amana nyingine zina mizani ya kuzipima na mashahidi wa kuziapia siku ya kurudishwa, ilhali hii haina mizani wala shahidi, na aliyeiweka aghalabu hajui kwamba ameweka kitu. Mtoto hufika chuoni hajui alifu wala be. Mwalimu humwambia, hii ni alifu, naye husadiki bila ya kudai hoja, maana hana pa kuisimamisha hoja. Kesho huambiwa sita mara saba ni arobaini na mbili, akahesabu vijiti vyake akaona ni kweli. Kweli ya leo humfungulia mlango kweli ya kesho, hata baada ya miaka kumi sauti ya mwalimu imekuwa masikioni mwake ndiyo sauti ya kweli yenyewe, na neno lolote litokalo katika kinywa kile hupita bila ya kuulizwa litokako. Nataka kutazama linalotokea pale amana hiyo inapotumiwa kuwapeleka wanafunzi penye mauti nao hawako tayari.

Mfano nitakaoushika ni wa mtu asiyepata kuzaliwa. Anaitwa Kantorek, naye ni mwalimu katika riwaya ya Kijerumani iitwayo Im Westen nichts Neues, yaani upande wa magharibi hakuna jipya, ambayo Erich Maria Remarque aliitoa kuwa kitabu mwaka 1929. Remarque alizaliwa Osnabrück mwaka 1898, akasomea ualimu, akaitwa jeshini mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kabla hajamaliza, mwaka uliofuata akajeruhiwa katika mapigano ya Flanders, na amani iliporudi akafundisha shule kwa muda mfupi kisha akaiacha kazi hiyo. Nayataja haya kwa sababu wasomaji wengi humwona kuwa ni askari aliyeandika habari za vita, nami namwona pia kuwa ni mwalimu aliyeandika habari za ualimu. Hasira yake juu ya Kantorek ni hasira ya mtu wa kazi ile ile, ajuaye thamani ya chombo kilichovunjwa.

Kantorek ni mtu mfupi, mkali, mwenye koti la kijivu na uso uliochongoka kama wa panya. Katika saa za mazoezi ya viungo huwahutubia wanafunzi wake juu ya nchi na wajibu, macho yakimeta nyuma ya miwani, sauti ikilainika kwa uchungu, akiwauliza kama hawatakwenda. Na hotuba hizo hazikukoma mpaka darasa zima lilipofuatana naye, yeye akiliongoza kama mchungaji, hata ofisi ya kuandikisha askari. Alikuwamo kijana mmoja mnene, mpole, Joseph Behm, ambaye alisita. Lakini wenziwe walikwenda, na siku zile hata wazazi walikuwa wepesi wa kumwita mtu mwoga, basi naye akakubali asije akatengwa. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Katika shambulio moja alipigwa jichoni, wenziwe wakamwacha wakidhani amekufa, maana walikuwa wakirudi nyuma mbio. Alasiri wakasikia anaita. Wakamwona anatambaa katika uwanja uliotenga mahandaki ya pande mbili. Kumbe alikuwa amezimia tu, na sasa amezindukana, haoni, maumivu yamemtoa akili, hajui ajifiche wapi. Na kabla mtu hajaweza kumfuata, akapigwa risasi.

Mtu akiulizwa taksiri ya Kantorek ni nini, upesi atajibu kwamba alikuwa mwongo, au mwenye moyo mbaya. Kitabu hakimruhusu kujibu hivyo. Msimulizi, kijana Paul Bäumer, anakiri kwamba akina Kantorek walikuwako kwa maelfu, na kila mmoja wao aliamini kwamba anatenda jambo jema, kwa njia isiyomgharimu kitu. Nimelizingatia sana neno hili la gharama. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Kantorek hakuwa amekilalia kitanda cha vita vile hata usiku mmoja. Lakini kutojua peke yake hakutoshi kumhukumu, kwani kila mwalimu hufundisha mengi asiyoyaona kwa macho yake. Mwalimu wa jiografia asiyepata kutoka Lamu huweza kueleza mkondo wa mto Nile, na akikosea, kosa litafutwa kwa kalamu nyekundu na hakuna atakayelia. Kantorek alinena juu ya mauti kwa yakini ile ile aliyonenea mito na tarehe za wafalme. Hakujiuliza, nikiwa nimekosea, nani atalipa? Mtu mwenye busara hulitanguliza swali hilo, na kwa kadiri jibu lake linavyomwondokea yeye na kumwangukia mwingine, ndivyo ulimi wake unavyokuwa mzito.

Wako watakaosema kwamba vijana wale walikwenda kwa ridhaa yao, wala hakuna aliyefungwa kamba. Hoja hii ndiyo kimbilio la walimu wa namna ile katika kila zama, na kwa hivyo haifai kupitwa haraka. Ridhaa huwa ushahidi pale inapotoka mahali pengine pasipo kinywa cha anayeiomba. Ikiwa mimi ndimi niliyekufunza maana ya ushujaa, nikakufunza na maana ya aibu, nikakuzoeza kuona kwamba kuitika ni ushujaa na kusita ni aibu, kisha nikakuuliza, je, utakwenda? jibu lako ni mwangwi wa sauti yangu, nami nikilishika kuwa ni dalili ya utayari wako nitakuwa nimejishuhudia mwenyewe. Kantorek alizitazama nyuso zile changa zilizowaka akadhani ameona utayari, na alichokiona ni hotuba yake inamrudia. Darasani mle alikuwamo shahidi mmoja wa kweli, naye ni yule kijana mnene, maana kusita kwake hakukufunzwa na mtu. Mwalimu mwenye insafu angemwita kando akamwambia, mwanangu, labda wewe umeona jambo ambalo sisi hatukuliona, hebu nieleze. Huenda kijana asingeweza kueleza. Hofu ya kweli aghalabu haina ufasaha. Lakini kule kuulizwa kungempa nafasi ya kubaki.

Na utayari wenyewe ni kitu gani? Vijana hao walifunzwa uaskari kwa majuma 10, chini ya koplo mmoja aliyekuwa mpeleka barua kabla ya vita, wakajifunza kung'arisha vifungo na kupiga saluti, na walipofika mstari wa mbele wakagundua kwamba elimu iliyotakiwa ni nyingine kabisa. Remarque anaonyesha jambo hili kwa askari wapya walioletwa baadaye, wadogo kuliko wale wa kwanza. Gesi ya sumu ni nzito kuliko hewa, hutulia mashimoni na kukaa. Askari mzoefu aliye shimoni hulijua hilo, naye huacha barakoa usoni hata baada ya walio juu kuvua. Vijana wale, walipoona wenzao walio juu wamevua, nao wakavua humo humo shimoni, wakaivuta sumu ndani ya mapafu. Wengine walikutwa katika handaki nyuso zimekuwa za buluu na midomo myeusi. Msimulizi anasema kwamba kwa kila askari mzoefu mmoja aliyeanguka walianguka wapya baina ya 5 na 10. Nimesoma kurasa hizo mara nyingi, na kila mara hunisimamisha udogo wa yale maarifa yaliyokosekana: usivue ukiwa shimoni. Maneno matatu ambayo mtu ajuaye angeweza kuyafunza katika alasiri moja, akiwa na wanafunzi waliopewa muda wa kusikiliza.

Mtu ajuaye alikuwako. Ni Katczinsky, fundi viatu wa umri wa miaka 40, asiyepata kusimama mbele ya ubao, ambaye aliwafunza vijana kuitambua mizinga kwa milio yake, kujitupa chini kabla ya akili kuamua, na kupata chakula mahali ambapo wengine waliapa hakuna. Sisi watu wa pwani tunalo neno la mtu wa namna hiyo, nalo ni kungwi. Kungwi wa jando amepita yeye mwenyewe katika kumbi, kisu amekijua, na ndipo akapewa mwari wa kumlea; naye humkalisha, humfunza, humwangalia kidonda chake, wala hamwachi mpaka siku ya kutoka. Amekwisha kwenda na kurudi, na sasa anakwenda tena kwa ajili ya mwingine. Kantorek aliwafikisha wanafunzi mlangoni akarudi shuleni kwake.

Walakini nisifanye mambo kuwa mepesi kuliko yalivyo, kwani kufuatana na wanafunzi hakumfanyi mwalimu kuwa na hukumu njema. Katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969 na kujengwa juu ya Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, kuna kiongozi wa jina hilo hilo ambaye huwapa watu wake maji, na kwa maji hayo huwapa umoja na matumaini ambayo hawakuwa nayo. Huwataka wangoje na wajiandae, lakini tumaini likishatolewa halijui kungoja, na vita vinaanza bila ya idhini yake, vifua vya watu vikakabili bunduki za Wajerumani. Mtu huyu hakukimbia. Alikaa na watu wake, akalitilia shaka neno lake mwenyewe, akafungwa, na alipoambiwa ayakane maji yale alikataa. Mimi siwezi kumweka benchi moja na Kantorek, na moyo wangu huwa pamoja naye kila nisomapo. Hata hivyo kosa lake la hukumu liko pale pale: aliwapa watu ujasiri kabla ya kuwapa zana, akidhani kwamba neno lililomtoka litamsubiri. Mwalimu hana budi kukadiria na mwendo wa maneno yake yatakapokuwa mikononi mwa watu wengine, usiku, mahali ambapo yeye hayupo.

Kinachomtenga Kinjeketile na Kantorek ni ile shaka. Kantorek alikuwa na wasaa wa kujirudi. Habari za vifo zilikuwa zikifika mjini, na bado aliandika barua kwa wanafunzi wake akiwaita vijana wa chuma, nao waliipokea huku mwenzao Kemmerich amelala hospitalini amekatwa mguu, saa yake imeibwa, na rafiki yake anaziangalia buti zake akijua kwamba hatazivaa tena. Katika darasa la watu 20, walipoketi kuhesabiana, saba walikuwa wamekufa, wanne wamejeruhiwa, na mmoja yumo katika nyumba ya wendawazimu. Kukosea katika mwanzo ni jambo la kibinadamu na huweza kusamehewa. Kuendelea kuandika barua ile ile baada ya hesabu kubadilika, hilo sioni mlango wa kulisamehe.

Husemwa pia kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kuna walimu wanaoligeuza neno hili kuwa ni ruhusa ya kuwatupa vijana ulimwenguni ili wafunzwe huko. Wanasahau kwamba ulimwengu huanza na mtihani, somo likaja baadaye kwa waliobaki. Waliobaki ndio wasimuliao, nasi tukiwasikiliza wao tu tutadhani kwamba shule ile ni nzuri.

Baadaye Kantorek naye aliitwa, akavalishwa sare ya askari mgambo, na aliyewekwa kumwamrisha uwanjani alikuwa Mittelstaedt, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye alimzungusha na kumlaza kifudifudi, akamtolea bawabu wa shule kuwa mfano wa askari bora. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wasomaji husema, na hufurahi. Mimi sifurahi, maana jasho la mzee yule halikumrudishia mtu chochote. Lakini katika fedheha ile Mittelstaedt alisema jambo moja lililo zito kuliko adhabu yote. Mtetezi wa Kantorek angeweza kudai kwamba vijana wale wangeitwa tu na sheria, kwa hotuba au bila ya hotuba, na kwa hivyo mwalimu hadaiwi kitu. Mittelstaedt alikuwa amefanya hesabu. Alimwambia mwalimu wake, mbele ya uso wake, kwamba Joseph Behm aliuawa miezi mitatu kabla ya siku ambayo sheria ingemwita.

Basi hilo ndilo deni, nalo lina kiasi chake. Asidaiwe vita vyote, wala wafalme na majemadari walioviwasha. Adaiwe miezi mitatu ya kijana mnene aliyekuwa hataki kwenda: kiasi cha siku 90 za kuamka nyumbani, kula mkate wa mama yake, na kuona kwa macho mawili. Miezi hiyo ilikuwa ya Behm, ikawa mkononi mwa mwalimu wake, na mwalimu akaitoa.