Askari Ahamaye na Gari Lake: Je, Yampasa Muuzaji Kusema Kasoro Isiyoonekana?

Mji wa Likasi, ambao mpaka mwaka 1966 uliitwa Jadotville, umejengwa katika nchi ya vilima, kilometa zipatazo 120 kutoka Lubumbashi. Barabara iendayo Kolwezi hupita humo, na njia ya reli iendayo Kamina vilevile. Magari mengi ya nchi hiyo yalitumika kwanza ng'ambo, hasa Japani, kisha yakapakuliwa katika bandari ya Dar es Salaam, yakavuka Zambia mpaka Kasumbalesa. Kwa hiyo anunuaye gari huko mara nyingi ni mtu wa pili, au wa tatu, au wa tano kulimiliki, na anayezijua tabia zake zote ni yule amwuziaye tu.

Basi na uwe mfano huu. Askari mmoja wa Likasi amepata amri ya kuhamia Kamina, penye kambi kubwa ya jeshi. Amepewa siku sita. Ana mke na watoto wanne. Watasafiri kwa reli pamoja na vyombo vyao, na gari halina nafasi. Hana budi kuliuza. Kwa macho gari ni zuri, limeoshwa, rangi inang'aa. Lakini pampu ya breki inavuja. Askari huongeza mafuta ya breki kila Jumapili, na akishuka kilima hukanyaga mara mbili ndipo gari lisimame. Mtu asiyeambiwa hawezi kuiona kasoro hiyo kwa kulizunguka gari, wala kwa kuliendesha kidogo uwanjani. Anakuja mwalimu wa shule, ambaye ameweka fedha miaka mingi, naye ataka kubeba watu na unga kati ya mji na vijiji. Anauliza bei tu. Habari za breki hazimjii akilini. Je, askari aweza kunyamaza?

Wako watakaosema kwamba aweza, nao watatoa sababu tatu. Kwanza, hakusema uongo. Pili, mnunuzi ana macho, tena angeweza kumleta fundi. Tatu, askari ni baba. Fedha hizo ni chakula cha watoto wake katika mji wa ugeni. Sababu hizo zafaa kupimwa moja moja, maana si watu wabaya tu wanaozitegemea.

Juu ya sababu ya kwanza: ni kweli kwamba midomo yake haikusema uongo. Lakini bei nayo ina sauti. Atajaye bei ya gari zima amekwisha kusema kwamba gari ni zima. Hata kijijini jambo hili lajulikana. Mwenye kuuza mfuko wa makala, ambaye ameweka makala makubwa juu na vumbi katikati, hakutamka neno lolote, walakini mama aufunguaye mfuko huo nyumbani hasemi, "Muuzaji alinyamaza." Asema, "Nimeibiwa." Kwa sababu hiyo mwenye kudanganya kwa kunyamaza huivunja amri ya saba, ikatazayo kuiba, ingawa hakuvunja mlango wa mtu.

Juu ya sababu ya pili: Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilichunguza swali hili hili, ingawa siku zake watu waliuza farasi, si magari. Alifundisha kwamba kasoro zisihesabiwe zote sawa. Iko kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja. Muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi bei imepunguzwa kwa haki. Iko na kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari. Hiyo lazima isemwe. La sivyo mauzo si halali, na muuzaji yampasa kulipa madhara. Basi kioo chenye ufa, au usukani ulio upande wa kuume katika nchi ambamo magari hupita upande wa kuume, mwalimu aviona mwenyewe. Pampu haioni. Macho hayawezi kuhukumiwa kwa kitu kisichoonekana. Tena hapa si hasara ya fedha tu. Mguu wa dereva husukuma mafuta, na mafuta ndiyo yapelekayo nguvu mpaka magurudumu. Mafuta yakiisha kilimani, mguu hukanyaga bure. Auzaye mihogo michungu isiyolowekwa kwa mgeni asiyejua kuipika, naye akanyamaza, ni nani atakayesema kwamba hana lawama?

Juu ya sababu ya tatu: upendo wa baba ni mwema, lakini haumpi haki ya kuchukua mali ya watoto wengine. Nyuma ya mwalimu wako watoto pia, na wale watakaopanda gari hilo pamoja na mizigo yao wana watu wanaowangoja nyumbani.

Liko jambo lingine ambalo askari mwenyewe pengine hajikiri. Kama angebaki Likasi, angesema. Angekutana na mwalimu sokoni na kanisani, na aibu ingemfungua kinywa. Sasa aondoka, wala hatamwona tena. Safari yake ndiyo inayomshawishi. Hapo ndipo mtu apimwapo kweli: je, haki yake ilitoka moyoni, au ilitoka machoni pa jirani? Wazee husema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Kilio cha kilimani aliyeko Kamina huenda asikisikie, Mungu hukisikia.

Lakini haki haitoi mizigo isiyo yake. Tuseme askari ajua kwamba wenzake watatu wamehamishwa nao, na kesho watauza magari yao, na bei itashuka. Je, yampasa kumwambia mwalimu? Cicero, Mrumi aliyekufa mwaka 43 kabla ya Kristo, alitoa mfano wa mfanyabiashara aliyepeleka nafaka Rodo wakati wa njaa, akijua kwamba merikebu nyingine zaja nyuma yake. Naye akaona kwamba haifai kuwaficha wenye njaa. Mtakatifu Thomas alijibu kwa upole zaidi: mtu huyo akiuza kwa bei ya siku ile havunji haki, walakini akisema, au akipunguza bei, atenda kwa wema mkubwa zaidi. Basi breki ni deni. Habari ya kesho ni zawadi.

Naye mnunuzi ana sheria yake. Akisikia kwamba askari ataondoka Jumamosi, akajificha mpaka Ijumaa jioni ili atoe nusu ya thamani, anafanya shida ya mwenzake kuwa shamba lake la kuvuna. Wote wawili wamefungwa na haki moja.

Na kama askari amekwisha kuuza, naye yuko Kamina, dhamiri ikamwamka? Kwanza apeleke habari upesi, kabla gari halijashuka kilima kingine, kisha arudishe sehemu ya bei. Mkatekumeni na alishike sana neno hili: ubatizo hufuta dhambi, lakini mali ya mwingine haigeuki kuwa ya mtu kwa maji ya ubatizo. Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake aliahidi papo hapo kuwarudishia mara nne aliowadhulumu.

Njia iliyo bora ni fupi. Kabla fedha hazijahesabiwa, askari aseme, "Mwalimu, pampu ya breki inavuja. Mwite fundi aitazame, na gharama yake tuitoe katika bei." Atapata fedha pungufu, na huko Kamina watoto wake huenda wakakosa kitu kimoja au viwili. Lakini mwalimu atashuka vilima vya Likasi akijua breki zake zilivyo, na abiria wake watafika nyumbani.